Mtani wa Darubini

Mwaka ule mto ulipopanda ukameza mashamba, mimi na mke wangu tulikaa siku nane juu ya dungu pamoja na nyoka. Dungu ni kibanda cha kulindia mpunga, kimeinuliwa juu ya nguzo ili mtu awaone ndege na nguruwe kwa mbali, na letu lilikuwa kubwa kidogo tu kuliko kitanda. Siku ya pili ya maji nyoka mweusi alipanda nguzo, akapita karibu na chungu cha uji, akajikunja kwenye makuti upande wa miguuni. Nikashika panga. Mwanahawa, mke wangu, akanishika mkono akasema, "Mwache, naye kayakimbia maji kama sisi." Nikamwacha. Tukala, tukalala, tukaswali pale pale tumekaa, na nyoka anatutazama. Maji yaliposhuka, alishuka yeye kwanza, wala hakuaga.

Nyoka huyo hana kazi katika haya ninayotaka kueleza. Nimeanza naye kwa sababu nikimkumbuka Mwanahawa huwa naanzia pale juu, mkono wake umeshika wangu, na siwezi kumfikia yule mtu mwingine bila kupitia kwa Mwanahawa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kwenda kuamia ndege. Basi nisamehewe nikiandika kama ninavyosema.

Tuliposhuka homa ikatupata wote wawili, homa ya kugonganisha meno. Tukapakiwa kwenye mtumbwi, kisha kwenye baiskeli, mpaka zahanati. Kwenye chumba chembamba chenye dirisha moja alikuwa ameketi mtu mfupi mwenye shingo ndefu, koti jeupe lina madoa ya zambarau, jicho la kulia limo ndani ya darubini na la kushoto amelifumba. Alinichoma kidole bila kunitazama usoni. Akauliza kwetu wapi, nikamwambia. Akapaka damu yangu kwenye kipande cha kioo, akaipungia ikauke, akasema, "Damu ya Mrufiji hii. Nusu damu, nusu maji ya mto. Nitafute wadudu humu au nitafute kambare?"

Natetemeka, na mke wangu anatetemeka, na tulicheka. Nikamuuliza yeye kwao wapi. Akasema Unyamwezi. Nikamwambia ndiyo maana, mizigo ya watu imekudidimiza ardhini mpaka imebaki shingo. Hapo akafumbua lile jicho la kushoto, akanitazama vizuri, akasema, "Karibu, mtani."

Jina lake nalijua, silitaji. Kuanzia Mtunda mpaka huko kwenye visiwa vya Delta aliitwa Mtani tu, hata na wauguzi wenzake.

Kwa vijana wanaodhani utani ni kuchekeshana kwenye simu, nieleze. Watu wa bara waliokuwa wakishuka na misafara, na sisi wa pwani, tulifungana utani toka zama za mababu. Mtani anaingia kwako anafunua chungu. Anamwita mkeo mkewe. Anakutukana mbele ya wakwe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Mtani ndiye anayelala ndani ya kaburi kabla ya maiti na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo. Ndiye anayevaa kanzu ya marehemu akaiga alivyotembea, alivyokuwa bahili, alivyomwogopa mkewe. Huyasema yote, ya wazi na ya uvunguni, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna wa kumfunga mdomo siku hiyo. Maneno yake ni kama maji aliyooshewa maiti, yakishamwagwa hayazolewi.

Huyu wetu alikuwa bingwa wa hayo. Alipokufa muuza samaki mmoja aliyejulikana kwa kupunja, Mtani alishuka kaburini na mizani ya marehemu mwenyewe, akaanza kupima udongo, analalamika kwamba kaburi halijatimia kilo. Wajane walishikana mikono kwa kicheko. Akapewa jogoo wake, akaondoka naye kamning'iniza miguu juu. Watu walisema Mnyamwezi yule anapenda kuku kuliko roho. Baadaye nilikuja kujua kwa mpishi wa zahanati kwamba hakuwahi kula hata mmoja. Mgonjwa asiye na ndugu ndiye aliyekunywa mchuzi wa jogoo wa msiba. Ungemuuliza, angekwambia kuku wa Rufiji wananuka tope.

Darubini yake haikuwa ya umeme. Chini ilikuwa na kioo cha kukusanyia jua, kwa hiyo alihama na meza kufuata jua. Asubuhi yuko dirishani, adhuhuri barazani, alasiri nyuma karibu na pipa la maji. Watu walizoea kumtafuta kama unavyotafuta kivuli, ila yeye kinyume. Siku ya mawingu alikunja mikono, na mama akija na mtoto anayeungua, alimwonyesha kidole juu akasema, "Mlaumu aliyelificha." Halafu hakwenda kula. Alikaa na yule mama mpaka mawingu yapasuke, hata iwe alasiri, ameshika kioo tayari mkononi.

Vioo vyake alivisugua kwa sabuni na majivu, akavifuta kwa kitambaa ambacho hata jasho lake mwenyewe hakukifutia. Ukikigusa anakupiga kofi la mkono. Alikuwa na neno lake, kwamba kioo kichafu husema uongo, na yeye ameajiriwa kusema ukweli, uongo una watu wake. Neno hilo nitalirudia mbele.

Alikuwa mwoga wa maji. Aliishi kwenye nchi ya maji miaka yote ile bila kutia mguu kwenye mtumbwi. Sisi tulimsimanga sana kwa hilo. Alijibu kwamba kwao mtu huzikwa, haliwi na mamba.

Na siri alizijua. Nani ana kaswende, nani kifua chake kimeoza, nani amepata ule ugonjwa mkubwa ulipoingia. Alikuwa mtu wa kuropoka kutwa, na hakuna hata siri moja iliyomponyoka. Namna yake ilikuwa hivi: hamwambii mtu neno chungu likiwa tupu. Alilivingirisha kwenye utani. Mtu aliyetakiwa kumleta mkewe atibiwe alimwambia, "Nyumbani kwako mmeingia panya. Njoo na mwenye nyumba, tutege mtego wa watu wawili." Mtu anacheka, anaondoka, njiani anaacha kucheka, kesho anakuja na mkewe. Alisema sisi watu wa huku dawa chungu hatumezi ila kwa tende. Iliwasaidia wengi njia hiyo. Sisemi ilikuwa mbaya.

Sasa nifike kwangu.

Tulikaa mimi na Mwanahawa miaka saba bila mtoto. Mama yangu alikuwa mtu mwema, lakini mwaka wa tatu aliacha kumwita mwanangu. Akampeleka kwa waganga, mmoja wa Delta, mmoja wa milimani huko juu. Akachanjwa chale tumboni, akaogeshwa kwenye makutano ya maji, akanyweshwa mizizi iliyomfanya atapike mpaka anashika ukuta. Somo yake, mama mmoja mtu mzima aliyemfunda, akamnong'oneza ile njia ambayo wanawake huambiana, kwamba shamba likikataa mbegu hii, usiku mmoja hujaribiwa nyingine, mwenye shamba hajui. Aliniambia mwenyewe, tumekaa tunapepeta mchele. Alisema, "Nimemkatalia. Nikizaa, nizae wako." Nikaona ni haki yangu hiyo. Sikumwambia hata ahsante.

Mtani alinisimamisha siku moja karibu na pipa lake. Akasema mke wangu mnamchimba kama kisima, hebu na wewe lete maji yako tuyaonje. Wanaume waliokuwepo wakaangua kicheko. Mwanamume kwetu hapimwi. Inapimwa ardhi, anapimwa mwanamke. Lakini nilikuwa na ujeuri, nikataka kumkomesha. Asubuhi moja nilimpelekea manii yangu kwenye kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho, nimekichemsha, nimekificha kwapani kama alivyonielekeza. Ninaona haya kuyaandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jua lilikuwa kali, la dirishani. Aliinama. Nilimhesabia pumzi. Siku nyingine zote hutazama huku anasema, siku ile hakusema. Akabadilisha kioo, akatia tone jingine, akainama tena. Kisha akajinyoosha, jicho la kushoto bado limefumbwa, akasema:

"Mtani, watu wako wamekaa tu. Wana vichwa, mikia hawana. Viluwiluwi vilivyozaliwa nusu. Mto wote huu wa Rufiji, na wewe watu wako hawajui kuogelea!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Jioni yake nikaipeleka barazani, nikaisimulia mwenyewe, na sauti yake nikaiiga. Watu wakaanguka. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikipita mtu ananiuliza, je, wamejifunza kuogelea? Na mimi namjibu. Ilikuwa sifa, kutaniwa vile na bingwa. Haikunipitia hata mara moja, nikiwa nimelala au nimesimama, kwamba ameniambia nilichokwenda kuulizia.

Mwaka wa nane mama akasema basi. Nikaenda kwa mtu wa msikitini anayejua kuandika, akaniandikia talaka.

Siku ile Mtani alikuja nyumbani mchana, saa za kazi, koti jeupe mwilini. Hakuwahi kufanya hivyo. Mwanahawa alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye kanga. Siku zote mtu huyu alibisha hodi kwa kuuliza kama anayemtunzia mkewe yupo. Siku ile alisimama tu mlangoni.

"Usimwache huyu mwanamke," akasema. "Ubovu uko kwako. Nimeuona kwa jicho langu. Leo sitanii."

Nikangoja. Wallahi nilingoja acheke. Ilikuwa desturi yake kusema leo sitanii, halafu ndipo anatoa kubwa kuliko yote. Nilipoona hacheki, nikacheka mimi, kumsaidia. Nikamwambia kama ni mkewe anamtetea, amchukue basi, mzigo ameshafungiwa.

Mwanahawa aliinua uso. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Mle ndani yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mtu yule hakuwa akitania.

"Shemeji, umesema," akamwambia. "Inatosha." Akajitwika mzigo akatoka.

Alirudi kwao Ngorongo, kwa kaka yake. Nikaoa mwingine kabla mwaka haujaisha. Huko Ngorongo mwanamke aliyeachwa kwa utasa hapati mume mpaka ijulikane ametibiwa, na kaka yake alitaka apate mume. Akapewa mzizi mwingine, wa kufungua. Hakuwa na haja ya kufunguliwa, na alijua. Lakini angemwambia nani? Shahidi wake alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo kila alichosema watu walicheka. Alikunywa. Damu ilimtoka siku tatu.

Habari ya msiba ilipotufikia, mvua ilikuwa imekata barabara. Njia ilikuwa mtumbwi peke yake. Mtani alipanda. Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi uleule, nimekaa nyuma, nikamwona amelala kifudifudi chini, kati ya miguu ya watu, ameshika mbao kwa vidole. Hakuna aliyemsimanga.

Kule Ngorongo alishuka kaburini kama kawaida, akalala. Watu wakaanza kucheka mapema, wanamjua. Kaka wa marehemu akaja na jogoo, akamning'iniza juu ya shimo. Mtani hakuomba kitu. Alilala amegeukia ukuta wa udongo, kimya. Wakaongeza wa pili. Kicheko kikapungua, kikaisha, tukabaki tunasikia mvua kwenye majani ya migomba. Ikabidi watu wawili washuke wamshike mabega. Alipotolewa hakufuta udongo, akaenda kukaa mbali. Nilidhani ameumwa na safari ya maji.

Mke wangu wa pili alizaa mwaka uliofuata. Mtoto wa kiume, mzima, analia kwa sauti. Siku ya arobaini nilimfunga mtoto kwa kitenge nikaenda naye zahanati, mimi mwenyewe, mwanamume na mtoto mkononi, kumwonyesha Mtani. Alikuwa barazani, jua la adhuhuri. Nikamwambia mbele ya wagonjwa, tazama, mmoja amejifunza kuogelea.

Alimtazama mtoto. Akanitazama mimi kwa macho yote mawili. Nilijua litakuja neno, nikajiandaa kulibeba kwenda nalo barazani. Wagonjwa nao wakasogea.

"Hongera, mtani," akasema. "Nilikosea. Kioo kilikuwa kichafu."

Akarudi kwenye kazi yake. Nilisikitika kidogo, nakumbuka, kwamba amekosa cha kusema. Lakini neno hilo nililiamini palepale. Ukweli wake nilikuwa nimeucheka miaka, na uongo wake nikaushika kwa mikono miwili nikarudi nao nyumbani.

Sasa niruke miaka mingi, maana ya katikati ni kulima mikorosho na kuzika. Mama alikwenda, mke wangu naye akaja kwenda. Mtani alistaafu, akapanga chumba Umwe. Alisema kurudi kwao ni mbali na hana wa kumtania huko. Misibani aliendelea kuja, hata kwa fimbo. Mwanangu akawa fundi mwashi Kibiti. Ndiye aliyenipigia bati, ndiye anayeninunulia dawa za moyo. Mtoto wake wa kwanza kampa jina langu.

Mimi nina mdogo wangu wa tumbo moja, anakaa Mbagala. Ameoa mara mbili, hana mtoto. Yeye ni mtu wa mjini, alikubali kupimwa. Madaktari wa hospitali moja kubwa wakamwambia mbegu zake hazina mikia. Aliponipigia simu kunieleza hivyo, nilikuwa nakula, nikaweka tonge chini. Wakaomba na mimi, ndugu yake, nije nitoe damu. Damu yetu ikapelekwa mbali huko, majibu yakakaa mpaka mavuno yakapita.

Tuliitwa. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, akituita wazee wangu. Alitueleza taratibu kama anayefundisha watoto, na mimi nitaeleza nilivyoelewa. Katika mbegu ya mwanamume inapokuwa inatengenezwa kuna kimeng'enya, kidogo mno hata darubini haikioni, kazi yake ni kama msimamizi wa ujenzi. Hupita anamgusa huyu, anamgusa yule, na kila anayeguswa huamka kufanya kazi yake, mpaka mkia unajengwa na mbegu inaondoka. Sehemu nyingine za mwili hana kazi, ndiyo maana sisi tuna ndevu na nguvu na hamu kama watu wote. Maagizo ya kumtengeneza msimamizi huyo yameandikwa kwenye vinasaba, nakala moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiharibika, ya pili hutosha. Kwetu zote mbili zimeharibika, na mahali pamoja. Akauliza kama wazazi wetu walikuwa na udugu. Mdogo wangu akasema baba na mama walikuwa watoto wa ndugu wawili. Walioana ili mashamba yasitoke. Kwetu ni sifa, mtu kumwoa mtoto wa ami yake, mahari inazunguka uani kwako.

Nikamuuliza mtu wa namna hii anaweza kuzaa. Akasema kwa njia ya kawaida, hapana.

"Mzee wangu," akaniuliza, kalamu mkononi, "una watoto?"

"Ninaye mmoja."

Hakuandika. Aliitazama karatasi yake. Mdogo wangu akageukia dirishani, akawa anatazama magari. Nilikuwa nimewahi kuuona uso kama wa binti yule, mahali pengine, barazani, juani, na mtoto mkononi.

Simkasirikii mama yake mwanangu. Alimsikiliza somo yake. Angekataa, angepewa mzizi.

Mwaka huu miguu imevimba, na pumzi inakatika hata nikienda chooni. Nikaanza kufikiri kuhusu kaburi, kama mtu anavyofikiri kuhusu safari. Na kila nikilifikiri namwona Mtani amelala ndani yake. Namwona anatoka, anavaa kanzu yangu. Mwanangu amesimama ukingoni na koleo. Mtu yule anajua, na siku ile hakuna wa kumfunga mdomo. Hofu hiyo ikanila kuliko moyo wenyewe. Asubuhi moja nikapanda bodaboda mpaka Umwe, dereva amenibeba kama yai.

Nilimkuta kwenye kigoda, amegeukia jua. Jicho la kulia, lile la darubini, limeingia mtoto wa jicho, jeupe kama nazi. La kushoto, alilolifumba maisha yake yote, ndilo lililobaki zima.

"Mrufiji hajafa tu?" akasema.

Nikamwambia nangoja Mnyamwezi atangulie na mizigo. Tukacheka kidogo, ya kukaribishana. Akanimiminia chai. Nikamweleza ya binti daktari, yote, na msimamizi wa ujenzi, na nakala mbili. Alisikiliza ameinama, kama zamani.

"Siku niliyokuletea mtoto," nikamwambia, "ulisema kioo kilikuwa kichafu."

"Kioo changu hakikuwa kichafu hata siku moja."

"Basi ulisema uongo."

"Mara moja. Ulikuwa umembeba mtoto."

Akasogeza kigoda, jua lilikuwa limehama. Nikamuuliza kama nikifa atakuja. Akasema atakuja, na hatatoka kaburini kwangu kwa jogoo, safari hii ni mbuzi. Nikamuuliza atasema nini. Akapuliza chai yake. Nikamwomba. Mtu mzima, nilishuka kwenye mkeka nikamshika goti, nikamwomba aseme yote, ubahili wangu, kiburi changu, hata talaka, ila hilo moja alinyamazie. Nikamwambia mwanangu atakuwa amesimama pale.



"Na Mwanahawa nani alimwombea?" akasema. "Ngorongo mpaka leo mwanamke asipozaa wanamtajia yeye. Nililala kaburini kwake natafuta namna ya kusema. Kaka yake yupo, wewe upo. Nikaona nikifungua mdomo mtacheka. Basi nikasema nitangoja msiba wako. Miaka yote hii, mtani, nangoja msiba wako nimsemee."

Akaongeza kwamba kosa si langu peke yangu. Alikuwa na ulimi mmoja, akautumia kaburini na kwenye dawa, na siku alipouhitaji kwa kazi ya tatu ulikuwa umeshazoea.

Hapa nisimame nimwage langu, maana nimebaki mimi wa kulisema. Mwanahawa hakuwa tasa. Aliyekuwa hana ni mimi. Watu wa Ngorongo walisikie hilo, na kaka yake kama yu hai. Na mwanangu, kama haya yatamfikia, ajue nilikwenda Umwe na pumzi mkononi kwa ajili yake, na kwamba sina mwana mwingine wala sikutaka mwingine.

Nirudi kwenye mkeka. Nilimwambia Mtani aniahidi. Akasema mtani haahidi kunyamaza, akishavaa ile kanzu mdomo si wake tena. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Mwanao anakuitaje?"

"Baba."

"Na kaburi lako atachimba yeye?"

"Yeye."

Akatikisa kichwa. Akamalizia chai yake, akakifuta kikombe kwa ncha ya shuka, ndani na nje, akakiinua kwenye jua akakitazama kwa lile jicho moja, akakiweka. Akavaa kofia, akaokota fimbo, akaingiza miguu kwenye ndara. Nilidhani anakwenda msalani. Akapapita. Akashika kile kinjia cha kati ya mikorosho kinachotokea barabara kubwa, polepole, anapapasa kwa fimbo, shingo yake ndefu imetangulia. Nikamwita mtani mara moja. Hakugeuka.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri, mpaka alasiri. Mwenye nyumba akaja akaniuliza mzee yuko wapi. Tukafungua chumba. Kitanda, sufuria, redio, koti jeupe ukutani, vyote vipo. Mwenye nyumba akauliza kama alisema atarudi lini. Nikamwambia hakusema. Imepita masika nzima sasa, misiba mitatu imetokea huku kwetu, na katika makaburi yote matatu maiti ndiye aliyelala wa kwanza.